NANI ANAISHI JIJINI KWETU?
Somo kwa kamati za parokia kuhusu mchanganyiko wa watu wa Dar es Salaam



Katika fomu nyingi za kuombea fedha za miradi kuna kisanduku kimoja kinachowapa shida wajumbe wa Dar es Salaam. Kisanduku hicho huuliza: "Walengwa ni wa kabila au kundi gani, na kwa asilimia ngapi?" Katibu wa kamati akifika hapo huinua kalamu. Wengine hukiacha wazi, na mfadhili hudhani kwamba kazi haikufanyika vizuri. Wengine hukisia kwa kusoma majina ya ukoo katika orodha, na hilo ni baya zaidi.

Somo la robo hii ya mwaka linahusu kisanduku hicho. Tutaona kwa nini hakina jibu la takwimu, watu wa jiji hili walitoka wapi, na ni swali gani linalofaa kuulizwa badala yake. Tunashauri somo lisomwe kwa sauti katika kikao, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kwa vikundi.

1. Swali ambalo sensa haiulizi

Tanzania Bara iliuliza watu kabila na dini kwa mara ya mwisho katika sensa ya mwaka 1967. Sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali la dini lirejeshwe, na vingine vikatangaza kuisusia sensa, lakini swali halikurejeshwa.

Kwa hiyo, anayetaka kujua idadi ya watu wa Dar es Salaam ataipata. Mwaka 1948 mji ulikuwa na watu 69,277. Mwaka 1957 walifika 128,742, na mwaka 1967 walikuwa 272,821. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Kati ya hao wa 2022, Ilala ilikuwa na watu 1,649,912, Temeke 1,346,674, Ubungo 1,086,912, Kinondoni 982,328 na Kigamboni 317,902.

Lakini anayetaka kujua Wazaramo ni wangapi, Wachaga wangapi, Wahindi wangapi au Wakristo wangapi, hatapata hesabu rasmi iliyo mpya kuliko ile ya 1967. Anayekupa asilimia anakisia tu. Hilo ndilo jibu la kwanza kwa kisanduku kile, na si aibu kuliandika.

Hata hivyo tusiishie hapo. Kutohesabu kabila hakuna maana kwamba watu wa jiji ni wa namna moja, wala kwamba hakuna anayeachwa nje.

2. Mji ulioanza na wageni

Pwani hii ilikuwa na kijiji cha Mzizima kabla ya kuwa na mji. Hapo waliishi Washomvi, wavuvi na wafanyabiashara wa pwani wanaosimulia kwamba asili yao ni Barawa, na kando yao Wazaramo, wakulima wa maeneo ya ndani kidogo. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji mpya karibu na kijiji hicho. Alifariki mwaka 1870 kabla haujakamilika. Tangu mwanzo walikuwapo Waarabu, wafanyabiashara wa Kihindi, watu wa pwani, na watumwa walioletwa kutoka bara.

Wajerumani walipoufanya makao makuu yao mwaka 1891, watu waliongezeka. Walikuja na askari Wasudani waliowaandikisha Misri, na wengine waliowatoa Msumbiji walioitwa Wazulu. Mfano mmoja unajulikana katika historia ya nchi. Kleist Sykes, mmoja wa waanzilishi wa African Association mwaka 1929, alikuwa mtoto wa askari wa namna hiyo, Mzulu aliyetoka Msumbiji. Wanawe walikuwa miongoni mwa watu wa mbele katika siasa zilizozaa TANU mwaka 1954. Ukoo wa mgeni, ndani ya vizazi viwili tu, ulikuwa umesimama katikati ya mambo ya mji.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ikaleta Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema ambao asili yao ni mashariki ya Kongo. Kutoka kusini walikuja Wandengereko, Warufiji, Wamakonde, Wayao na Wangoni. Kutoka Morogoro walikuja Waluguru. Baharini walitoka Wangazija, na Waarabu wa Hadhramaut tunaowaita Washihiri. Kutoka Bara Hindi walikuja Waismailia, Mabohora, Waithnasheri, Wahindu, Masingasinga, na Wagoa ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki.

Hesabu ya 1957 inatupa picha ya mji wa wakati ule. Waafrika walikuwa kama saba katika kila watu kumi. Watu wenye asili ya Bara Hindi walikaribia robo ya mji. Wazungu walikuwa elfu chache tu, na Waarabu pia. Kati ya Waafrika, Wazaramo ndio walikuwa kundi kubwa kuliko lolote, lakini hata wao hawakufika nusu. Kwa maneno mengine, Dar es Salaam haijawahi kuwa mji wa kabila moja.

3. Mji uliogawanywa bila kutaja rangi

Sehemu hii ndiyo kiini cha somo, kwa hiyo tuisome taratibu.

Wazee wetu wanakumbuka majina matatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uzunguni kulikuwa upande wa bahari, kuanzia mashariki ya katikati ya mji hadi Oyster Bay. Uhindini ni mitaa ya maduka katikati ya mji. Uswahilini kulianzia Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana usiojengwa. Uwanja huo ni Mnazi Mmoja.

Watu wengi hudhani kwamba kulikuwa na sheria iliyosema Mwafrika haruhusiwi kuishi mahali fulani kwa sababu ya rangi yake. Kanuni zilizougawa mji hazikuandikwa hivyo. Zilianzishwa na Wajerumani na kukamilishwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nazo zilizungumzia majengo. Eneo la kwanza lilitaka nyumba za mtindo wa Kizungu. Eneo la pili lilitaka nyumba imara za kuishi na kufanyia biashara. Eneo la tatu liliruhusu nyumba za miti, udongo na makuti.

Mtu akizisoma kanuni hizo leo anaweza kuziona kama kanuni za afya na ujenzi tu. Lakini nani alikuwa na fedha za kujenga nyumba ya mawe mbele ya bahari? Na nani, kwa mshahara wa kibarua, angeweza kujenga kitu kingine zaidi ya kibanda cha udongo? Rangi haikutajwa, na bado kila rangi ilijikuta mahali pake. Barabara za lami, mabomba na taa vilifuata mstari uleule.

Tushike jambo hili: kanuni inaweza isitaje kundi lolote, na bado ikaliacha kundi zima nje.

4. Watu walivyojifunza kuishi pamoja

Wakazi wa Uswahilini hawakusubiri serikali iwaunganishe. Waliunda vyama vya watu wa kwao. Kazi ya kwanza ya vyama hivyo ilikuwa kumpokea mgeni, kumuuguza na kumzika. Mtu aliyefia mjini bila ndugu alihitaji sanda, wachimba kaburi na watu wa kulala matanga.

Palikuwa pia na utani. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana tangu zama za misafara ya pwani. Katika msiba mtani alikuja kufanya vituko, akidai apewe chochote kabla maiti haijatoka, na waliolia wakajikuta wanacheka. Utani uliwapa watu wa makabila mawili wajibu wa kusaidiana pasipo kuwa ndugu wa damu.

Na palikuwa na Kiswahili. Aliyeshuka kwenye treni bila kukijua alikijifunza sokoni, bandarini na kwenye foleni ya maji. Watoto waliozaliwa Kariakoo, Ilala au Magomeni wakakua na lugha moja, hata kama bibi zao hawakuelewana.

5. Baada ya Uhuru

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili nani awe raia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alikataa katakata, akasema serikali yake itajiuzulu kama Bunge litakubali uraia wa rangi. Sheria ikapita kama alivyotaka.

Uamuzi wa kuacha kuuliza kabila baada ya 1967 ulifuata njia hiyohiyo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 iliamua kwamba hesabu za makabila zisiwe mtaji wa kugombania vyeo na mgawo. Tunaamini uamuzi huo umetusaidia. Mtu wa kabila lolote anaweza kupanga chumba mtaa wowote jijini, na jirani yake akajua zaidi kazi yake kuliko kabila lake.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia yote. Sheria ile nayo haikutaja rangi. Hata hivyo wengi wa waliopoteza majengo walikuwa na asili ya Bara Hindi, na wengi wao wakahamia Kanada, Uingereza na kwingineko. Wako waliopata nyumba kupitia Msajili wa Majumba wakashukuru, na wako waliofunga mizigo katika mji waliozaliwa. Historia ya jiji ina watu wa pande zote mbili, na wote walikuwa wakazi wa Dar es Salaam.

6. Jiji la leo

Leo maneno yamebadilika maana. Mtu akisema "uswahilini" hamaanishi tena kabila wala rangi. Anamaanisha mahali ambapo nyumba zimebanana, gari halipiti, na mvua ikinyesha maji ya choo huingia ndani. Manzese, Tandale, Vingunguti, Buguruni, Keko na sehemu za Mbagala ni makazi ya namna hiyo, na ndani yake kuna watu wa kila mkoa. Masaki na Oyster Bay vilevile kuna watu wa kila asili, mradi wana fedha.

Wageni wanaendelea kuja. Wachina walifika kwa wingi kujenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975, na sasa wapo wafanyabiashara wa Kichina Kariakoo. Wakongo walileta bendi zao miaka ya 1970, na leo huja kununua bidhaa pamoja na Wazambia na Wangazija. Lakini wageni walio wengi ni vijana kutoka mikoani ambao hushuka kwenye basi na begi moja na namba ya simu ya binamu.

Na ule mstari wa zamani bado upo. Mabonde yaliyoachwa bila kujengwa ndiyo yaliyobaki kwa wasio na uwezo wa kununua kiwanja kilichopimwa. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Mto Msimbazi yaliua watu na kuharibu nyumba nyingi, na familia nyingi zikapelekwa Mabwepande, mbali na soko na vibarua vyao. Maji hayakuchagua kabila. Yaliwakuta wale waliokuwa chini.

7. Somo kwa kamati zetu

Sasa turudi kwenye kazi yetu. Tuchukue mfano, ambao si wa parokia yoyote inayojulikana.

Kamati imepata fedha za sare na madaftari ya watoto 40. Inataka kutenda haki, kwa hiyo inaweka masharti matatu. Mzazi alete barua ya kiongozi wa jumuiya. Alete barua ya mjumbe wa shina. Awe amehudhuria vikao vitatu. Hakuna sharti la kabila hata moja.

Baada ya miezi miwili orodha imekamilika. Mjumbe mmoja anaisoma na kugundua kwamba karibu watoto wote wanatoka katika familia zenye nyumba zao, na familia hizo asili yao ni wilaya mbili tu. Hakuna aliyefanya hila. Waliojenga kwanza mtaani waliwaita ndugu zao, ndugu wakajenga karibu, na wao ndio walioanzisha jumuiya. Barua wanazipata kwa kupiga hodi mlango wa pili.

Nani hayumo? Hayumo mama muuza vitumbua anayetoka nyumbani saa kumi alfajiri na ambaye hawezi kufika kikaoni. Hayumo mpangaji aliyehama mara tatu mwaka huu, ambaye mjumbe wa shina hamfahamu. Hayumo jirani Mwislamu, kwa kuwa hana jumuiya ya kumwandikia barua. Hayumo mtoto wa dada wa kazi. Hayumo Mzaramo mzee ambaye ukoo wake uliuza shamba mahali parokia ilipojengwa, na sasa anaishi chumba kimoja pembeni.

Kamati hii imefanya jambo lilelile lililofanywa na kanuni za ujenzi za zamani. Haikutaja kundi lolote, lakini makundi yaliachwa nje. Jambo la kuogopesha ni kwamba wajumbe wake ni watu wema.

Tunapendekeza hatua nne.

Kwanza, acheni kukisia kabila kwa majina. Jina la ukoo halisemi mtu anahitaji nini, na orodha ya makabila ikipotea inaweza kutumiwa vibaya.

Pili, ulizeni maswali manne kwa kila kaya: Mmefika hapa lini? Nyumba ni yenu au mmepanga? Maji mnachota wapi, na kwa shilingi ngapi? Mkipatwa na ugonjwa au msiba usiku, mtamwita nani? Swali la nne ni la wazee wetu wa vyama vya kuzikana, nalo linazidi yote. Asiye na jina la kutaja ndiye maskini wa kwanza, hata kama ana redio na kitanda.

Tatu, pitieni mtaa kwa miguu, na msiishie pale gari linapoishia. Chorani ramani ya nyumba, kisha wekeni alama kwenye nyumba zilizosaidiwa. Mkiona alama zote ziko upande mmoja wa mfereji, ramani imewaambia jambo ambalo orodha haikusema.

Nne, wekeni daftari la walionyimwa. Kamati nyingi huandika waliopewa tu. Andikeni pia waliokuja wakarudi mikono mitupu, na sababu yake. Kila baada ya miezi mitatu lisomwe kikaoni. Sababu ikijirudia, kwa mfano "hakuwa na barua", basi badilisheni sharti, msimlaumu mtu.

Kwa wafadhili wetu tunaomba jambo moja. Mnataka kuhakikisha kwamba hakuna kundi linalopendelewa, na hofu hiyo ni ya haki. Lakini kisanduku cha asilimia za makabila hakitawapa uhakika huo hapa. Tukubaliane kwamba kamati ya Dar es Salaam iruhusiwe kuandika: "Sensa ya nchi yetu haihesabu kabila, nasi hatuhesabu. Tunawaletea muda wa ukazi, umiliki wa nyumba, chanzo cha maji, na daftari la walionyimwa." Hayo yote mnaweza kuja kuyakagua wenyewe, nyumba kwa nyumba.

8. Maswali ya kujadili

a) Kila mjumbe aeleze kwa dakika moja: mtu wa kwanza wa ukoo wake kufika Dar es Salaam alitoka wapi, na nani alimpokea?

b) Masharti yetu ya msaada ni yapi? Kwa kila sharti, tajeni aina ya mtu ambaye hawezi kulitimiza.

c) Je, wajumbe wa kamati hii wana wapangaji kati yao? Wana mtu aliyefika mtaani ndani ya miaka mitano iliyopita?

d) Katika mtaa wetu, mstari kati ya wanaosaidiwa na wasiosaidiwa unapita wapi? Ni barabara, mfereji, daraja, au ukuta?

e) Msiba wa mwisho wa mtu asiye na ndugu mtaani kwetu ulishughulikiwa na nani?

Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mji huu ulijengwa na wageni waliokuwa wenyeji, kisha wakawapokea wageni wengine. Kamati itakayopitia masharti yake baada ya kikao hiki, na kuliondoa hata moja linalofunga mlango, itakuwa imefanya kazi ya robo nzima ya mwaka.

Tunawatakia majadiliano mema.